Vikombe Vilivyobambuka Rangi

Agizo lile lilipita mikononi mwangu, na ndiyo sababu hasira yangu haijawahi kupata pa kukaa vizuri. Mwaka wa 2008 nilikuwa mtunza stoo katika duka la vyombo mjini Nakuru, mitaa miwili kutoka sokoni. Tuliuza sufuria, majagi, chupa za chai, sahani za bati na karai za kila saizi. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi ambayo babu yao alikuja na reli, na mwenyewe, tuliyezoea kumwita Mzee, alikuwa mtu asiyetupa kitu. Siku moja mwezi wa Oktoba ikapigwa simu kutoka hoteli moja kubwa kando ya ziwa, huko Naivasha. Walitaka vikombe vya bati, dazeni nne.

Hilo halikunishangaza. Mahoteli hununua vikombe vya bati kwa ajili ya wafanyakazi wao. Kilichonishangaza ni sharti lililofuata. Mwanamke aliyepiga simu alisema hawataki vipya. Walitaka vilivyobambuka rangi, vyenye kutu kidogo mdomoni kama vipo, na vikiwa vimebonyea pia ni sawa. Nilimwomba arudie. Akarudia pole pole, kama anayemwelekeza mtu mzito wa kuelewa.

Stoo kulikuwa na katoni kadhaa zilizoumia kwenye lori miaka mingi nyuma, na Mzee alikuwa amekataa kuzitupa. Nikavichagua vikombe kimoja kimoja. Nitakiri kwamba niliifanya kazi ile kwa bidii. Kikombe chenye alama moja tu nilikirudisha, nikatafuta kingine kilichoharibika zaidi. Kimoja nakikumbuka hasa. Kilikuwa kimebambuka karibu na mkono, doa jeusi lililochongoka kama jani la sukuma wiki. Nilidhani watapanda maua ndani. Mzee aliponiona nikivifunga kwa magazeti alicheka, akasema matajiri wa siku hizi wanataka kitu kionekane kimeteseka.

Wiki chache baadaye hoteli ikatuma kadi ya shukrani, na ndani yake mwaliko wa chakula cha mchana kwa watu wawili katika mkahawa wao mpya. Mzee na mke wake hawali nyama, hawali samaki, hata yai hawaligusi. Aliisoma kadi, akaigeuza nyuma na mbele, kisha akanisukumia juu ya kaunta. "Wewe enda na mama yako," akasema. "Yeye amekula shida mwaka huu. Wacha akule kitu kizuri."

Nami nikaona kwamba Mungu amenifungulia mlango.

Mama yangu alizaliwa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Babu alitoka magharibi kuja kuchochea makaa kwenye gari moshi, na hakurudi kwao ila ndani ya jeneza. Mama alisoma Nakuru, akaolewa Nakuru, akafanya kazi katika kiwanda cha blanketi mpaka kikafungwa, akamzika baba yangu na kuendelea kukaa. Lugha ya kwao aliisema kwa lafudhi iliyowachekesha jamaa zake. Akiulizwa anatoka wapi, alitaja mtaa na namba ya mlango.

Mwezi wa Januari mwaka huo, katika vurugu za baada ya uchaguzi, mlango wenyewe uliungua. Uliungua pamoja na cherehani yake, picha za harusi na kabati la vyombo ambalo nilikuwa nimelijaza mimi kutoka dukani, krismasi moja baada ya nyingine. Waliochoma sitawataja, kwa kuwa si kuwataja kulikonileta hapa. Nitasema tu kwamba wengine waliendelea kununua kwetu, na nilikuwa nikiwafungia sufuria zao, wao wakinisalimia "Sasa, habari ya siku nyingi?" kana kwamba sote tulikuwa tumetoka safari.

Mama alilala wiki saba kwenye hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ule ambao tulizoea kwenda kutazama ng'ombe waliovishwa utepe. Mimi na wafanyakazi wenzangu wawili tulikuwa tumejificha katika stoo ya Mzee, tukilala juu ya makatoni. Nilimwomba Mama aje tubanane. Akakataa, akasema hawezi kutoka bila majirani zake. Baada ya wiki saba likaja lori la kupeleka watu makwao. Kwao Mama palikuwa mahali alipopajua kwa matanga tu. Akapewa chumba nyuma ya jiko la shemeji yake, na kila nilipompigia simu aliniambia yuko sawa, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa akiwa yeye ndiye mgonjwa.

Nilitaka jambo moja tu mwaka ule, arudi. Nilikuwa nimemtafutia nyumba, chumba kimoja chenye mfereji wake, katika mtaa ambao wenzake wawili wa kanisani walikuwa wamesharudi. Mwezi wa Novemba akakubali kuja kunitembelea. Alifika Alhamisi, na ndani ya pochi yake alikuwa na tiketi ya basi ya kurudi Jumapili. Nilimwonyesha ile nyumba. Akagusa ukuta, akafungua mfereji, akafunga, akasema, "Nitaona." Mtu yeyote aliyelelewa na mama yangu anajua maana ya nitaona.

Kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa silaha yangu ya mwisho. Nilijidanganya kwamba akikalia kiti kizuri, akihudumiwa kama mtu, akalitazama ziwa, moyo utalegea. Sijui niliwaza nini. Ni kana kwamba alichokuwa amepoteza ni kiti.

Pikapu ya duka ilikuwa ikipeleka mzigo Naivasha siku hiyo, dereva akatuacha langoni. Mlinzi aliisoma kadi yetu mara mbili, akatutazama, akaisoma tena. Mama alikuwa amevaa gauni lake jipya la kanisani, lile la zamani likiwa limekwenda na nyumba. Ndani palikuwa karibu patupu. Watalii walikuwa wametoroka Januari na hawajarudi, na ndipo hoteli hizi zikakumbuka kwamba nchi ina wenyewe. Kati ya meza kumi na mbili, nne tu zilikuwa na watu.

Weita wetu alikuwa mwanamume mtu mzima, mwenye mvi pembeni mwa kichwa. Mama alimuuliza anakaa wapi, kwa kuwa hawezi kuhudumiwa na mtu asiyemjua. Akasema Kamere, kule chini kwa wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Alimtandikia Mama kitambaa cheupe mapajani. Mama akakitoa, akakikunja mara nne na kukiweka mezani, akasema ni kisafi sana, kitachafuka bure.

Halafu weita akatueleza kwamba leo kulikuwa na menyu ya kuonja. Sahani saba, moja baada ya nyingine.

Neno hilo lilituponza. Kwetu kuna kuonja kwa aina mbili. Kuna mpishi anayedondosha mchuzi kiganjani kuona kama umekolea. Na kuna mnunuzi wa sokoni anayekatiwa kipande cha nanasi ili aamue kama atanunua. Aina ya tatu hatukuijua. Mama akatingisha kichwa kwa kuridhika, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu hawa wana adabu kweli, wanakuonjesha kwanza halafu unachagua. Ningemweleza. Sikumweleza, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa na hakika, na niliona haya kumuuliza weita.

Sahani ya kwanza haikuwa sahani. Ilikuwa kijiko, na ndani ya kijiko kulikuwa na kidonge cha kijani kilichopasuka mdomoni na kuwa parachichi. Mama alikimeza, akangoja. Alipoona hakuna kinachofuata aliangalia chini ya kijiko. Sahani ya pili ililetwa imefunikwa bakuli la kioo lililojaa moshi, na lilipofunuliwa tukaona kipande cha kiazi kitamu kisichozidi kidole gumba. Mama akasema kwamba kuni zilizotumika zingepika sufuria nzima. Ya tatu ilikuwa kipande cha samaki wa ziwani, mdogo kama kiberiti, juu yake povu jeupe. Povu lile alilisogeza kando kwa uma, kama mtu anayeondoa sabuni kwenye maji ya kusuuza, kisha akamla samaki. Akafumba macho. Akaniambia, "Huyu nimemchagua. Usisahau. Namba tatu."

Ya nne ilikuja na maua ya waridi. Maua kabisa, vipande vyake vimetandazwa juu ya nyama. Mama alikataa katakata. Jirani yake wa hemani alikuwa amefanya kazi katika vibanda vya kukuzia maua miaka kumi, na vidole vyake vilikuwa vimekwisha kwa dawa. Alimwambia weita kwamba hayo maua yanapigwa dawa asubuhi na jioni, na kama hoteli haijui, basi yeye anaijulisha. Weita akasema haya yamelimwa bila dawa, madam. Mama akamuuliza kama ameona kwa macho yake. Weita akatabasamu, akaiondoa sahani.

Nilikuwa nacheka. Hilo nalikumbuka vizuri na linaniudhi. Mama alikuwa amechangamka kuliko siku zote tatu, akipanga kama baada ya samaki achague pia kile kiazi, na mimi nilikuwa nikicheka na kujiambia kwamba mpango wangu unafanya kazi.

Ndipo ikaja ya tano.

Weita alileta vipande viwili vya gunia, akavitandika mbele yetu vizuri kama vitambaa vya altare. Juu ya kila kipande akaweka kikombe cha bati. Changu kilikuwa kimebonyea ubavuni. Cha Mama kilikuwa na doa jeusi karibu na mkono, limechongoka kama jani la sukuma.

Nilikijua kabla akili haijaniambia nimekijua. Ndani ya kikombe kulikuwa na githeri, mahindi na maharagwe, vimeelea katika supu nyembamba. Weita alisimama wima, akakohoa kidogo, akaanza kusema maneno aliyokuwa amefundishwa. Hakututazama. Alitazama ziwa. Alisema sahani hii inaitwa Bonde Linakumbuka. Ni githeri iliyopikwa kwa saa kumi na mbili, ikaongezwa matone ya mafuta ya uyoga kutoka Ulaya, na imepakuliwa vile vile ilivyopakuliwa kwa ndugu zetu waliokuwa kambini mwanzoni mwa mwaka, ili kuheshimu uvumilivu wao.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na kelele yake ikawafanya watu wa meza ya pili, mke na mume waliokuwa wakipigana picha, wageuke. Nikamwambia weita aondoe. "Ondoa hii kitu," nikasema. "Ondoa sasa hivi." Nilimwambia amwite aliyewaza haya, nikamwambia mengine ambayo sitayaandika, na maskini hakuwa na kosa lolote.

Mama aliweka mkono juu ya mkono wangu. "Keti," akasema.

Nikaketi. Yeye aliinamia kikombe, akanusa. Palikuwa na kijiko kidogo kama cha kumpa mtoto dawa. Akachota, akaonja. Nilingoja alie. Nilikuwa nimeshajiandaa kumshika tutoke. Lakini alikiweka kile kijiko kando, akainua kikombe kwa mikono miwili na kukipeleka mdomoni, akala yote bila kupumzika, kisha akapitisha kidole ndani kuzunguka ukingo, akakilamba.

"Hii si ya kuonja," akasema. "Hii ni ya kula."

Halafu akanyoosha mkono wenye kikombe mbele ya weita. Aliunyoosha wote, kiwiko kimekaza, kichwa kimegeuka pembeni kidogo. Nilikuwa nimewahi kuuona mkono ule. Ndivyo walivyosimama kwenye foleni kule uwanjani, wanawake wa umri wake, mkono mbele na uso upande, ili wasimtazame anayepakua.

"Ongeza," akasema.

Weita alitazama kikombe, akamtazama Mama. Ile madam yake ikamtoka. "Mathe, hawaongezangi. Ni moja moja."

"Hata kule tulikuwa tunaambiwa hivyo."

Weita akakichukua kikombe kwa heshima na kwenda jikoni, na aliporudi alikuwa ameongozana na shefu mwenyewe.

Nilitarajia mzungu. Alikuwa mwananchi mwenzetu, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea upishi ng'ambo na kurudi, mpole, mikono misafi kama ya daktari. Hilo lilinikasirisha zaidi. Mgeni ungesema hajui. Nilimmwagia yote. Nilimuuliza ni nani aliyemruhusu kuwapakulia wenye magari shida za watu ndani ya vikombe. Nilimwambia vikombe hivyo nimevichagua mimi, kwa mikono yangu, stoo kwetu, kwa sababu aliomba vilivyobambuka. Na nikamwambia kitu ambacho kilikuwa kimenikaba tangu weita aanze kusema, kwamba vikombe vya kambini havikuwa vimebambuka. Vilikuwa vipya. Mzee wetu alitoa katoni tatu mwezi wa Januari, hazijafunguliwa, na mimi ndiye niliyezipeleka. Hata kutu yake ilikuwa ya uongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, akasema hakukusudia vibaya. Akasema yeye hakuyasoma magazetini, alikuja mwenyewe pale uwanja wa maonyesho, Nakuru, siku moja mwezi wa Februari kusaidia kugawa chakula. Alisimama juani tangu asubuhi. Alionja kutoka kwa ile sufuria kubwa, na hajawahi kusahau. "Nilionja kidogo tu," akasema, "lakini ile ladha haijanitoka. Ilikuwa simple, lakini tamu."

Nilikuwa nafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Ulikuja siku gani?"

Akafikiri. Akasema ilikuwa Jumamosi moja, siku ambayo kulikuwa na wageni wengi, magari makubwa, watu wa kamera, viti vimepangwa chini ya turubai.

Mama akatingisha kichwa taratibu. "Siku ya wageni."

"Ndio, mathe."

"Siku hiyo ndio kulikuwa na chumvi."

Shefu hakuelewa, na mimi pia sikuelewa mara moja. Mama alimweleza bila kupandisha sauti, jinsi angemweleza mwanafunzi wa kiwandani namna ya kuunganisha uzi uliokatika. "Tulikula wiki tatu bila chumvi. Mahindi na maharagwe na maji. Tuliomba chumvi mpaka tukachoka. Siku ya wageni wakaleta, wakamwaga kwa sufuria mbele ya kamera. Kesho yake ikaisha. Wewe ulionja ya wageni, kijana. Sasa unaambia watu hii ndio tulikula." Akakigusa kile kikombe changu ambacho sikuwa nimekigusa. "Kama unataka kutukumbuka, toa chumvi. Halafu uone nani atamaliza."

Shefu alikuwa anatazama kikombe, na nitamtendea haki kusema kwamba uso wake ulibadilika. Lakini mimi sikuwa nikimtazama sana. Hasira yangu yote, niliyokuwa nimeilekeza kwake kama mpira wa maji, ilikuwa imenigeukia usoni.

Nilikuwa nikienda uwanjani kila Jumapili. Nilipeleka mkate, sabuni, sweta, biskuti za chai za aina anayopenda. Jumapili moja, tukiwa tumesimama kando ya ua, Mama aliniambia, "Ukirudi, leta chumvi." Nikaitikia. Jumapili iliyofuata nikasahau. Akaniambia tena, na safari hiyo nikapeleka kopo la jemu. Nilifikiri nimefanya vizuri zaidi. Nilijiambia chumvi ni kitu gani, nani anakosa chumvi, ni maneno tu ya mtu mzima aliyechoka. Hakuomba mara ya tatu. Stoo ya Mzee ilikuwa na jiko lake na kopo la chumvi juu ya rafu, nilikuwa nikilisogeza kila jioni kupata majani ya chai.

Kwa hiyo nami nilikuwa mgeni wa siku ya wageni. Nilipeleka vikombe vipya katoni tatu, nikarudi nimeridhika na moyo wangu. Nilikaa pale mezani nikataka kumchukia yule shefu na nikashindwa kumchukia peke yake.

Yeye aliomba radhi tena, akamwambia Mama kwamba chochote anachotaka ataletewa. Kwa jinsi alivyosema, nadhani alitegemea Mama aseme hataki kitu, tuinuke, tuondoke na uchungu wetu. Hakumjua Mama.

"Nimeshaonja," Mama akasema. "Sasa nachagua. Nataka samaki namba tatu. Awe mzima, na kichwa chake. Na ugali. Hilo povu mbaki nalo."

Weita alilazimika kugeuka kutazama ziwa tena.

Samaki aliletwa baada ya nusu saa, mzima, amekaangwa, amelala kwenye sahani iliyokuwa ndogo kwake. Ugali ulikuwa laini mno, kazi ya mtu aliyesahau, lakini ulikuwa ugali. Mama alinawa, akala kwa mkono, akanisukumia shingo ya samaki kama alivyonisukumia utotoni. Sahani ya sita na ya saba hatukuziona. Weita alipokuja kuondoa mifupa aliinama na kumwambia Mama kwa sauti ndogo kwamba ile namba tano yeye huisema akitazama maji, kwa sababu mkewe pia alikuwa kwa hema, pale Naivasha. Mama akamuuliza kama mkewe yuko salama sasa. Akasema yuko. Wakaagana kwa kushikana mikono, na Mama akakunjua kile kitambaa cheupe hatimaye, akafutia vidole.

Njiani kurudi nilijua nimeharibu. Nilikuwa nimemchukua mama yangu mpaka Naivasha ili nimpakulie tena kambi, na katika kikombe nilichomchagulia mwenyewe. Tuliketi watatu mbele, dereva akisikiliza mpira redioni. Tulipopita Gilgil, Mama alifungua pochi, akatoa ile tiketi ya basi na kuniwekea mapajani.

"Hii ya kesho, waregeshee," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Niliogopa kuuliza, lakini nikauliza.

Alitazama nje kwanza. "Nikikaa huko mbali, hao ndio watabaki wakisema vile tulikula. Na hawajui." Baadaye kidogo akaongeza kwamba ule mfereji wa ile nyumba unavuja, nimtafutie fundi.

Mzee nilimsimulia Jumatatu. Aliingia stoo mwenyewe, akatoa katoni zote zilizobaki za vikombe vilivyoharibika, akaziweka nje kwa ajili ya mtu wa vyuma chakavu, yeye ambaye sijawahi kumwona akitupa hata kamba. Hoteli ilipopiga simu kabla ya krismasi nikawaambia tuna vipya tu. Kama sahani ile iliendelea, na kama waliitoa chumvi, sijui. Sikurudi kuuliza.

Lakini Jumapili ilitangulia Jumatatu. Jumapili ile, saa ambayo basi lingekuwa likiondoka, Mama alikuwa katika chumba chake kipya akifagia. Nilikuwa nimempelekea jiko, sufuria mbili na kitanda cha kuazima. Alinituma dukani, akanihesabia kwa vidole: unga, sukuma, nyanya, mafuta, kiberiti. Vidole vitano. Nilitembea mpaka duka la kona, na kitu cha kwanza nilichoomba hakikuwa katika vile vitano. Nilinunua pakiti mbili, zile za kilo, kisha ndipo nikaomba vingine.

Niliporudi nikavipanga juu ya sinki mbele yake. Alichukua unga, akachukua mafuta, akafika kwenye zile pakiti mbili. Akazishika, moja kila mkono, kama anayezipima. Hakunitazama.

"Sasa ndio unaleta," akasema, akageuka kuwasha jiko.